Kitanda Usichokilalia Hujui Kunguni Wake

Tarehe 14 Oktoba, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida. Kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima hazikubali Windows 11, kwa kuwa hazitimizi masharti yake. Kwa hiyo baadhi ya ofisi na shule zimeanza kuitazama Linux, ambayo haidai ada ya leseni. Uamuzi huo ni mwema. Lakini ndani yake mna uamuzi mwingine ambao wakubwa huupuuza, nao ni wa eneokazi, yaani ile sura inayomkabili mtu akishawasha mashine: madirisha, menyu na mpangilio wa programu zake.

Katika Linux sura hizo ni nyingi. KDE ilianzishwa mwaka 1996 na Mjerumani Matthias Ettrich. Mwaka uliofuata, Miguel de Icaza na Federico Mena wa Mexico walianzisha GNOME, kwa sababu KDE ilijengwa juu ya Qt, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huru. Tangu mwanzo, basi, ugomvi ulihusu haki na wala si rangi za madirisha.

Wanaoipenda KDE huisifu kwamba karibu kila kitu chaweza kubadilishwa, na menyu iko pale pale walipoizoea. Wasioipenda husema mipangilio yake ni mingi hata mtu hupotea. GNOME husifiwa kwa unadhifu na utulivu. Hulaumiwa kwa kuondoa hata kitufe cha kushusha dirisha, ikamlazimu mtumiaji kutafuta viongezi ambavyo huenda vikaharibika toleo jipya linapotoka. Xfce hupendwa na wenye mashine kuukuu kwa wepesi wake. Lakini hukua polepole, maana toleo la 4.12 la mwaka 2015 lilisubiri hadi mwaka 2019 kupata mrithi.

Historia inatoa fundisho. Mwaka 2011 GNOME 3 ilitoka bila menyu ya zamani, na watumiaji wengi wakakasirika. Linus Torvalds, muasisi wa Linux, aliilaumu hadharani akahamia Xfce kwa muda. Wengine waliichukua GNOME ya zamani wakaiendeleza kwa jina la MATE, na wale wa Linux Mint wakaunda Cinnamon. Mwaka 2012 Microsoft nayo iliiondoa menyu ya Start katika Windows 8. Kitufe kilirudi mwaka 2013, na menyu kamili ikarudi mwaka 2015 katika Windows 10. Tofauti ni dhahiri: hawa walingoja miaka mitatu wahurumiwe, na wale walijitegemea.

Sisi tunasema kwamba mazoea ya mfanyakazi ni mali. Karani aliyejifunza kwa miaka kumi mahali pa kila kitufe ana ujuzi mikononi mwake, na anayeubadilisha bila kumwuliza anaupoteza bure. Haifai mkuu wa ofisi ambaye haandiki hata barua moja kwa mkono wake kuwachagulia wanaoandika mia. Ziwekwe sura mbili au tatu, watumishi wazifanyie kazi mwezi mzima, kisha waulizwe. Kushauriana ni amri tuliyofundishwa chuoni tungali watoto, na ni desturi ya Chama pia.

Hata hivyo, watumiaji nao wana wajibu. Kulalamika barazani hakurekebishi programu. Kosa liripotiwe kwa waundaji, na tafsiri zipewe watu wa kuzifanya. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kuitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, ikaitwa Jambo. Kazi ile ilionyesha kwamba lugha yetu inaweza. Uhuru wa kuibadilisha programu tumekwisha kupewa. Bila jasho letu utabaki karatasi ya leseni tu.