Kijana Aliyemwuliza Mauti: Katha Upanishadi na Amri ya Nane

"Baniani mbaya, kiatu chake dawa," husema Waswahili. Methali hii humkera Mhindu aisikiapo, nayo yafanana mno na namna sisi watumishi tunavyoyatendea maandiko yake: twayahukumu bila kuyafungua, kisha twayatumia mimbarani kuwa mfano wa giza. Amri ya nane yakataza kumshuhudia jirani uongo, na Luther katika Katekisimo Ndogo alitaka tumtetee na kulieleza jambo lake kwa wema. Sioni sababu ya kuviacha vitabu vya jirani nje ya amri hiyo.

Maandiko ya kale kuliko yote ya Wahindu ni Veda nne. Huitwa *shruti*, yaani yaliyosikiwa, nayo yalirithishwa kwa kinywa vizazi vingi kabla ya kuandikwa. Upanishadi huhesabiwa kuwa sehemu yake ya mwisho, nazo huuliza ni nini kilicho nyuma ya sadaka zote.

Katha Upanishadi, iliyo ya Yajurveda, huuliza kwa kisa. Baba mmoja atoa sadaka ya ng'ombe wakongwe wasiokamulika tena. Mwanawe Nachiketas, akiona sadaka hiyo haifai, amwuliza hata mara tatu: Je, mimi utanitoa kwa nani? Baba ajibu kwa hasira: Kwa Mauti. Kijana aenda kwa Yama, bwana wa mauti, asimkute, akakaa siku tatu bila chakula. Yama arudipo aona haya kwa kumlaza mgeni na njaa (hapa msomaji wa Kiafrika hahitaji mfasiri), ampa maombi matatu. La kwanza, hasira ya baba itulie. La pili, afundishwe moto wa sadaka ufikishao mbinguni. La tatu, mtu akifa, yupo au hayupo? Yama ajaribu kumpa wajukuu, ndovu, dhahabu na maisha marefu badala ya jibu. Kijana akataa, kwa maana hivyo vyote vyapita. Ndipo afundishwa kutenganisha lililo jema na lipendezalo, na kwamba nafsi, *atman*, haikuzaliwa wala haifi.

Hapo njia zetu zaachana, wala tusifiche. Sisi twakiri ufufuo wa mwili, tendo la Mungu kwa kiumbe afaye kweli.

Hata hivyo iko aya isemayo kwamba nafsi haipatikani kwa elimu wala kwa kusikia kwingi, bali kwa yule aliyechaguliwa. Mlutheri ataka kupaza sauti: Neema! Tusiharakishe. Shankara alifasiri kwamba mchaguaji ni mtafutaji mwenyewe. Ramanuja, miaka mia kadhaa baadaye, alifundisha kwamba Mungu ndiye amchaguaye ampendaye. Basi, Wahindu walishindana juu ya neema kabla Luther hajazaliwa. Mhubiri asemaye kwamba dini yao haijui ila kujiokoa kwa matendo amemshuhudia Ramanuja uongo.

Bartholomäus Ziegenbalg, Mlutheri aliyefika Tranquebar mwaka 1706, alijifunza Kitamil, akasoma vitabu vya wenyeji, akawauliza wenyewe maana yake. Mwaka 1713 alimaliza kitabu juu ya miungu ya India Kusini, akakipeleka Ujerumani. Kilichapishwa mwaka 1867.