Mbwa Anapogoma Kutoka: Msiba, Unene na Viungo (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliangalia dalili za mbwa mwenye afya: mwendo wake, macho, ulaji na choo. Barua zilizonifikia baada ya hapo karibu zote zina swali la aina moja. Mbwa aliyekuwa akirukaruka kila asikiapo mlio wa mnyororo, sasa anateremsha mkia, anageuzia uso ukutani na kulala. Mama mmoja wa Moshi ameandika hivi: "Shikamoo daktari. Mbwa huyu alikuwa wa marehemu mume wangu, walitoka pamoja kila alfajiri. Tangu tumzike mzee, hataki kuvuka geti. Watoto wanamhurumia, kila mmoja anamwekea chochote kilichobaki sahanini. Amenenepa, na akiinuka anachechemea. Nianzie wapi?"

Marahaba, mama, na pole sana kwa msiba. Barua yako nimeichagua kwa sababu imebeba kwa pamoja mambo matatu ambayo wengine wameniuliza moja moja: huzuni, unene na viungo vilivyokakamaa. Mbwa mwenye huzuni hulala. Anayelala huku analishwa hunenepa. Uzito huumiza viungo. Na kiungo kinachouma humfanya asitake kuinuka hata baada ya huzuni yenyewe kupungua. Kwa hiyo nakushauri usianze na huzuni, ingawa ndiyo iliyotangulia. Anza na maumivu.

Najua ushauri huo unaweza kumchoma mtu aliyefiwa, kwa hiyo nautetea kwa habari za Hachiko wa Japani, ambaye huenda ndiye mbwa aliyesifiwa zaidi duniani kwa kumlilia bwana wake. Profesa Hidesaburo Ueno wa Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo alifariki ghafla Mei 1925. Mbwa wake aliendelea kwenda kumngojea kwenye kituo cha treni cha Shibuya kwa karibu miaka kumi, mpaka naye alipokufa Machi 1935. Hayo wengi wanayajua. Kinachosimuliwa kwa nadra ni kwamba viungo vyake vya ndani vilihifadhiwa, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tokyo walipovichunguza upya mwaka 2011 walikuta saratani kwenye mapafu na moyo, mbali na minyoo ya moyo iliyokwisha kuonekana tangu alipopasuliwa. Uaminifu wake siupunguzi hata chembe. Ila mbwa aliyefiwa ana mwili pia, na mwili huo unaweza kuugua huku watu wa nyumbani wameshakata shauri kwamba ni majonzi tu.

Maumivu ya muda mrefu mbwa hayalilii. Ukingoja abweke ndipo uamini, utangoja miaka. Mtazame anavyoinuka baada ya kulala. Je, hatua za kwanza ni za kujikokota, kisha mwili ukishapata moto analainika? Anasita kwenye ngazi, au kwenye sakafu ya vigae vinavyoteleza? Kila jioni analamba goti lilelile? Ananguruma kwa hasira akiguswa kiunoni, na zamani hakuwa na tabia hiyo? Hizo ni dalili za viungo vinavyochakaa. Gegedu linalofunika ncha za mifupa hulika, mfupa huota vinundu pembeni, na kifuko cha kiungo huvimba. German Shepherd, Labrador na Rottweiler, ambao hufugwa pia katika nyumba zetu za mjini, mara nyingi hurithi nyonga zisizokaa sawasawa, na hao huanza kuumia mapema.

Usiishie kwenye viungo. Katika nchi zetu mbwa ana sababu nyingine za kukataa kutembea ambazo vitabu vya Ulaya havizitaji sana. Mgeuze nyayo umtafute funza, mwiba na vidonda kati ya vidole. Tazama kucha, maana za mbwa asiyetembea haziliki, hurefuka mpaka zikapinda na kila hatua ikawa adhabu. Pekua masikio na kwapa. Kupe wa kahawia, yule anayejificha hata kwenye nyufa za banda, huambukiza bakteria wa Ehrlichia, na mbwa aliyeambukizwa huwa na homa, uchovu usioisha, pengine kutokwa damu puani na maumivu ya viungo. Kupe huambukiza pia babesia, ambao huharibu chembe nyekundu za damu. Funua mdomo: ufizi wa mbwa wengi wenye afya ni wa waridi, na ukiwa mweupe, usiahirishe safari ya kwa daktari. Yuko pia mbwa anayenenepa huku anakula kidogo, kwa sababu tezi ya shingoni imelegea. Magonjwa haya ya kupe na ya tezi huhitaji kipimo cha damu, hayakisiwi kwa macho.

Kuhusu dawa nataka nieleweke bila shaka yoyote. Diclofenac, ibuprofen na paracetamol zilizo kabatini mwako usimpe mbwa. Nimekutana na watu wenye upendo mwingi waliovunja kidonge cha diclofenac katikati, wakakificha kwenye nyama, wakaamini nusu haina madhara. Tumbo la mbwa huchubuka na kutoka damu ndani kwa ndani, na figo huweza kufa. Paracetamol nayo huharibu ini na kuzuia damu isibebe hewa ipasavyo. Zipo dawa za maumivu zilizopimwa kwa mbwa, kama carprofen na meloxicam, na daktari wa mifugo huzitoa kulingana na uzito, umri na hali ya figo. Kama mbwa alikwisha kuchomwa sindano ya prednisolone au deksamethasoni mahali pengine, mwambie daktari kabla hajaandika kitu, kwa sababu kuchanganya dawa hizo na hizi za maumivu kunaweza kumtoboa tumbo.

Sasa uzito, ambao ndio wenye dawa iliyo mikononi mwako. Madaktari hutumia kipimo cha alama 1 hadi 9, na mbwa mzuri huangukia 4 au 5. Nyumbani mkono unatosha. Pitisha vidole kwenye mbavu zake, kisha uvipitishe kwenye mgongo wa kiganja chako: mbavu zikisikika hivyo, uzito wake unafaa. Zikisikika kama upande wa ndani wa kiganja, chini ya tabaka nene, amenenepa. Na usipozipata kabisa, amezidi sana. Kujua kilo, panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Mbwa asiyebebeka mpeleke kwenye mizani ya kupimia magunia.

Ninalishikilia jambo hili la uzito kwa sababu limethibitishwa kwa muda mrefu kuliko mengi katika fani yetu. Marekani, kampuni ya Purina iliwafuata Labrador 48 tangu wakiwa wadogo hadi kufa. Waligawanywa wawili wawili, mmoja akila robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Matokeo yalitolewa mwaka 2002: nusu ya waliolishwa kwa kiasi waliishi miaka 13 au zaidi, wakati kwa wenzao ilikuwa miaka 11.2, na viungo vya waliolishwa kwa kiasi vilichelewa kuugua. Karibu miaka miwili ya maisha kwa robo ya sahani! Na mwenye Labrador asijilaumu kupita kiasi. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba karibu Labrador mmoja kati ya wanne amekosa kipande cha jeni iitwayo POMC, inayosaidia kuujulisha ubongo kwamba tumbo limeshiba. Mbwa wa namna hiyo huomba chakula kwa sababu kweli ana njaa, ila njaa hiyo haimaanishi mwili umepungukiwa.

Tufanye hesabu ya jikoni. Mbwa anayepaswa kuwa na kilo 30 akipunguzwa uzito huanzishiwa takriban kilokalori 900 kwa siku. Robo kilo ya unga wa sembe ina kiasi hichohicho, bila mchuzi wala mafuta. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia ni kilokalori 120 hivi. Sasa ongeza ukoko aliopewa na kaka, ngozi ya kuku aliyopewa na dada, na chapati ya asubuhi, kisha ujiulize mbwa huyo anakula chakula cha mbwa wangapi. Watoto wale wanafanya hivyo kwa huruma, na huruma hiyo sitaki ife. Wape njia nyingine: mmoja amchane manyoya, mwingine amkague kupe kila jioni. Chakula kiwe kwa mkono wa mtu mmoja, kipimwe kwa kikombe kilekile, mara mbili kwa siku. Punguza ugali, ondoa mafuta, lakini dagaa, mayai na nyama isiyo na mafuta usiviguse, maana akikosa protini atapoteza msuli badala ya mafuta, na msuli ndio unaoshika kiungo kisiyumbe. Jazia na boga au maharage machanga yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu, hata cha kwenye mchuzi, ni sumu kwa mbwa.

Apungue taratibu, kama asilimia 1 ya uzito wake kwa wiki, na asizidi 2. Mbwa wa kilo 36 atapunguza gramu 360 kwa wiki, kwa hiyo kuzifikia 30 ni kazi ya miezi minne hivi. Lakini nafuu haingoji mwisho. Utafiti uliofanyika Glasgow na kuchapishwa mwaka 2010 uliona kuchechemea kunapungua mbwa akishapoteza zaidi kidogo ya asilimia 6 ya uzito. Kwa mbwa wetu ni kilo mbili na robo hivi, yaani wiki sita au saba za uvumilivu.

Na matembezi? Pumziko kamili halimfai. Gegedu halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute huo husukumwa huku na huku kiungo kinapokunjwa na kukunjuliwa. Lakini mwendo mmoja mrefu wa Jumapili baada ya siku sita za kulala ni mbaya kuliko kutotoka. Anza na dakika tano, mara tatu kwa siku, kabla jua halijawa kali na baada ya kupoa. Mbwa mnene hupata joto haraka na hulitoa zaidi kwa kuhema. Gusa lami kwa mgongo wa kiganja: ukishindwa kuuacha hapo, naye nyayo zitaungua. Chagua njia ya udongo au majani. Walio pwani watumie mchanga mbichi uliokaza maji yakishuka, wala si ule mkavu unaozama miguu. Baada ya siku kadhaa ongeza dakika moja au mbili. Kipimo ni asubuhi ya pili: akiamka amekakamaa kuliko jana, rudi nyuma.

Kamba usiivute. Mkanda wa shingoni ukivutwa, mbwa hujikita, na aliyekuwa na maumivu sasa anaongezewa hofu. Mvalishe mkanda wa kifuani. Siku za kwanza mpeleke getini tu, mkae, arudi ndani kwa hiari yake. Kesho yake hatua kumi nje. Mwache anuse kadiri apendavyo, hata kama mmesimama dakika tatu kwenye kichaka kimoja, kwa sababu kunusa ndiyo sehemu ya matembezi anayoipenda kuliko zote. Ndani ya nyumba, tandika mkeka au zulia pale penye vigae.

Sasa narudi kwenye huzuni, mama, kwa kuwa nayo ni ya kweli. Watafiti wa Italia walichapisha mwaka 2022 majibu ya watu 426 waliokuwa na mbwa zaidi ya mmoja, mmoja akafa. Asilimia 86 waliona mabadiliko kwa aliyebaki: kucheza kidogo, kulala sana, kula kidogo, hofu, kung'ang'ania watu. Mabadiliko hayo yalihusiana pia na ukubwa wa majonzi ya mwenye mbwa mwenyewe. Walioulizwa walifiwa na mbwa, nawe umefiwa na mume; hata hivyo naamini somo linahamishika. Mbwa wako amepoteza mtu, na papo hapo amepoteza ratiba yote iliyomfungua geti kila alfajiri. Mrudishie ratiba. Atoke saa ileile ya mzee, na mtu mmoja yule yule, ikiwezekana kijana wako ambaye mbwa alikuwa akimfuata hata zamani. Kama njia ya mzee inamfanya asimame na kungoja, badilisheni njia. Nguo ya marehemu aliyoizoea kuilalia usimnyang'anye kwa haraka. Na mtoto mpya wa mbwa usimlete sasa; atamrukia mgonjwa wa viungo kutwa nzima, na mgonjwa hana pa kukimbilia.

Asipokula kabisa kwa siku nzima, akihema hali amelala, akikojoa na kunywa maji kupita kawaida, au mguu mmoja ukiacha kukanyaga kabisa, hayo si ya kungoja ratiba ifanye kazi. Mpeleke siku hiyohiyo, ukiwa na daftari la uzito wake wa kila wiki na picha ya video ya simu inayoonyesha anavyoinuka asubuhi, kwa sababu mbwa wengi wakifika kwa daktari hutembea vizuri kwa woga.

Wiki ijayo nitaeleza mbwa wa ulinzi anayefungwa mchana kutwa: urefu wa mnyororo, kivuli, na jinsi ya kumpa mazoezi bila kupunguza ulinzi wake.

Itaendelea.