Jua Halitalipuka: Kwa Nini Nyota Nyingine Hulipuka



Hivi majuzi nilitembelea kikundi kimoja cha akina mama nikakuta mkutano umegawanyika. Mtu fulani alikuwa amepita sokoni akihubiri ati jua limekaribia kulipuka. Wanachama watatu walitaka warudishiwe hisa zao. "Ya nini kupanda miti ambayo hatutaiona ikikua?" mmoja aliniuliza. Swali kama hilo si la kuchekwa. Linahitaji jibu la kweli.

Ni kweli ziko nyota zinazolipuka. Ni kweli pia kwamba jua ni nyota. Tunaliona kubwa kwa sababu liko karibu nasi. Lakini si kila nyota hulipuka. Tuone sababu.

Nyota inaishi namna gani?

Nyota ni tufe kubwa sana la gesi ya moto, na sehemu kubwa ya gesi hiyo ni haidrojeni. Uzito wake wenyewe unaivuta yote kuelekea katikati. Kwa kule kubanwa, katikati panakuwa na joto kali mno. Katika jua ni kama digrii milioni 15. Katika joto hilo chembe za haidrojeni hugongana na kuungana, zikawa heliamu, na hapo nguvu nyingi hutoka.

Huu si moto kama wa kuni, lakini mfano wa jikoni utatusaidia. Mama akichemsha maji, mvuke unainua kifuniko cha sufuria, nao uzito wa kifuniko unakirudisha chini. Nyota ni vivyo hivyo: joto linasukuma nje, uzito unavuta ndani. Nguvu hizi zikilingana, nyota inatulia. Moto ukizimika, kifuniko kinashuka.

Kwa nini kuni zinaisha?

Mtu angefikiri nyota kubwa itadumu zaidi kwa kuwa ina akiba kubwa. Sivyo. Ikiwa kubwa inabanwa zaidi, basi inawaka kwa kasi zaidi. Ni kama jiko la arusi linalomaliza gunia la makaa kwa siku moja, wakati jiko dogo la nyumbani lingelitumia wiki nyingi. Nyota yenye uzito mara 20 kuliko jua huishi kama miaka milioni 10 tu. Jua huishi kama miaka bilioni 10.

Haidrojeni ya katikati ikiisha, nyota kubwa huanza kuchoma heliamu, yaani majivu ya moto wa kwanza. Inapata kaboni na oksijeni, inachoma hizo pia, na kuendelea hivyo mpaka inafika kwenye chuma. Hapo ndipo mwisho. Chembe za chuma zikiunganishwa hazitoi joto, zinakula joto. Sasa hakuna cha kuinua kifuniko. Kiini cha nyota kinaporomoka kwa muda usiofika sekunde moja na kuwa kigumu ajabu. Vitu vinavyoanguka juu yake vinagonga na kurudishwa nje, vikisukumwa na nguvu kubwa itokayo ndani. Nyota imelipuka.

Tarehe 24 Februari 1987 wataalamu waliokuwa Chile waliona mlipuko wa namna hii, na baadaye watu wengi wa kusini mwa dunia wakauona kwa macho matupu. Nyota ile ilikuwa mbali sana hata mwanga wake ulisafiri kama miaka 168,000 kabla ya kutufikia. Hakuna shamba lililoungua.

Na jua letu je?

Jua lina umri wa kama miaka bilioni 4.6, na haidrojeni yake ya katikati itatosha kama miaka bilioni 5 tena. Tena ni jepesi mno kulipuka hivyo. Nyota inahitaji kuwa na uzito kama mara 8 kuliko jua. Siku zake zikifika litavimba na kuwa jekundu, litapoteza gesi yake ya nje, kisha libaki nyota ndogo nyeupe inayopoa pole pole.

Na tusizichukie nyota zilizolipuka. Chuma cha jembe lako, na kile cha tembe za kuongeza damu wanazopewa mama wajawazito kliniki, kilitengenezwa katika nyota za kale na milipuko yao. Mungu hakutupa kitu.

Kile kikundi kiliwarudishia wale watatu hisa zao, maana ni haki yao. Mmoja amekwisha kurudi, na miche imepandwa.

Maswali ya kuzungumzia kikundini:
1. Ni habari gani ya kutisha imewahi kuvuruga kikundi chetu? Tuliichunguzaje?
2. Mtu akitaka kutoa hisa zake kwa sababu ya hofu, tumsaidie vipi kabla hajaamua?
3. Ni kazi gani tumeacha kwa kudhani kesho haipo?