Mkate wa kumimina haupikwi kwa saa

JE, msomaji, umewahi kupika chakula cha kale kwa kufuata vipimo vyote, na bado kikakuaibisha? Hayo yalinipata likizo ya Desemba, tulipowapeleka watoto Mombasa kumwona nyanya yao.

Desemba ni msimu wa kaskazi. Joto la Mombasa hupita nyuzi 30, na ndani ya jikoni hakukaliki. Kwa hivyo mama mkwe wangu hulitoa jiko lake la makaa uani, akapikia chini ya muembe. Huko ndiko hupika mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi unaookwa kwa makaa ya chini na juu, kama alivyofundishwa na mama yake.

Lakini safari hii alitaka niupike mimi. Ana ugonjwa wa mtoto wa jicho, na haoni tena vyema kilichomo ndani ya sufuria. Watoto wake wote ni wanaume, na hakuna aliyewahi kuketi naye jikoni.

“Nisipokuachia wewe, mwanangu, nitakwenda nao,” alisema.

Vipimo alinipa: vikombe 2 vya mchele ulioroweka usiku kucha, kikombe 1 na nusu cha tui zito, kijiko kidogo 1 cha hamira, na iliki. Zamani mchele ulitwangwa kwa kinu, na tembo la mnazi ndilo lililoumua. Siku hizi twatumia blenda na hamira ya dukani. Nilisaga, nikafunika bakuli, nikatazama saa. Nyumbani Nairobi nimezoea kungoja saa nzima.

Kosa likawa hapo. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na ina ubaridi wake. Penye joto, hamira hukimbia. Isitoshe, kivuli cha muembe kilikuwa kimehama na kuliacha bakuli juani. Niliporudi, mchanganyiko ulikuwa umepanda, ukashuka, ukachacha. Mkate ulitoka umebonyea katikati. Watoto waliangaliana. Mama mkwe alikila kipande chake chote, kisha akasema, “Kesho tutapika tena.”

Siku ya pili aliniambia niliweke bakuli kivulini, ndani ya karai la maji baridi. Dakika 30 zilipopita aliinama, akatega sikio.

“Sikiliza. Unachemka bila moto.”

Nami niliinama. Kweli, mapovu yalikuwa yakipasuka taratibu. Tukatia robo tatu ya kikombe cha sukari na ute wa yai 1. Tukapaka sufuria samli, tukaipasha moto, tukamimina. Kingo zilipoanza kushika, tulipunguza makaa ya chini kwa koleo na kuyapanga juu ya kifuniko cha bati. Ya chini huunguza upesi. Ya juu ndiyo huupa mkate rangi ya dhahabu.

Harufu ya iliki na nazi ilipojaa uani, mama mkwe alisema, “Epua.” Mimi sikuthubutu mpaka nilipochoma kijiti katikati, kikatoka kikavu. Mara hii hakikubaki kipande.

Wewe unayeishi katika nyumba ya ghorofa, tafadhali usiliingize jiko la makaa ndani. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Tafuta mahali pa wazi, mbali na madirisha na milango.

Binti yangu aliyaandika maelezo yote katika daftari lake la shule. Alipofika kwenye muda wa kuumua, aliandika “saa 1”, akaifuta, akaandika “mpaka usikie mapovu.”

Ikiwa kwenu kuna mzee anayepika bila kipimo, usimwombe vipimo tu. Keti naye kando ya jiko angali yupo.