Bei ya Daftari Inavyopimwa

Daftari, kalamu, vitabu na magazeti vina nafasi yao katika kapu la bidhaa ambalo Ofisi ya Taifa ya Takwimu (NBS) hulitumia kupima mfumuko wa bei Tanzania. Havihesabiwi pamoja na ada za shule; mgawanyo wa kimataifa wa matumizi ya kaya huviweka kwenye kundi la burudani na utamaduni, jambo linalomshangaza mzazi yeyote anayenunua madaftari Januari.

Wadadisi hurudi madukani kila mwezi kuuliza bei ya bidhaa ileile. Bei hizo hugeuzwa fahirisi, na mwaka 2020 umepewa 100. Fahirisi ikitoka 100 hadi 104 katika miezi 12, mfumuko ni asilimia 4.

Kazi ngumu ni kulinda ubora. Daftari la kurasa 96 likipunguzwa hadi 80 kwa bei ileile, kila ukurasa umepanda kwa asilimia 20, ingawa mnunuzi analipa kiasi kilekile. Mtakwimu makini huhesabu kurasa. Mzazi naye ahesabu kabla ya kulipa.