Kwa Basi na Shanta, Kabla ya Kurudi Nyumbani

Baba alipopata habari kwamba nimemaliza masomo yangu Ujerumani, hakuuliza nimefaulu namna gani. Aliuliza, "Unafika lini?" Nikamjibu kwamba nitafika baada ya majuma matatu, maana nataka kwanza kutembea Ufaransa kwa basi pamoja na wenzangu. Simu ikanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kutembea? Una shughuli gani huko?"

Wazazi wenye watoto ng'ambo watamwelewa baba yangu. Mimi ni mtu wa Kagera. Nauli yangu ya kwanza ilitoka katika kahawa na ng'ombe mmoja, na Wakristu wa kigango chetu walichanga pia. Nilipomaliza masomo, mwezi wa Julai 2025, nilikuwa na akiba ya euro 600, niliyoipata kwa kupakia mizigo katika ghala. (Sheria ya huko humruhusu mwanafunzi mgeni kufanya kazi siku nzima 140 kwa mwaka, basi.) Nusu ya fedha hiyo nilituma nyumbani kwa ada ya mdogo wangu wa kike. Nusu iliyobaki ilikuwa yapata shilingi laki nane na nusu, yaani bei ya mtamba. Je, ni halali mtu kumla mtamba mzima kwa kutazama miji ya watu?

Swali hilo nilikwenda nalo katika kanisa la Wafransisko wa zamani pale Köln, karibu na kanisa kuu. Humo amezikwa Padre Adolph Kolping, ambaye jina lake linajulikana sana kwetu Kagera kwa ajili ya Jumuiya ya Kolping, na baba mwenyewe ni mwanachama. Kolping alizaliwa mwaka 1813, akawa fundi viatu, akapewa upadre mwaka 1845. Siku zile kijana Mjerumani aliyemaliza kujifunza ufundi hakurudi nyumbani mara moja. Alitwaa mzigo wake mgongoni akaenda mji hata mji, akifanya kazi na kuona wengine wanavyofanya. Desturi hiyo haijafa: hata leo wapo maseremala wachache wanaokwenda miaka mitatu na siku moja, na ni mwiko kwao kukaribia kijiji chao chini ya kilomita 50. Kolping aliona vijana hao wakilala pabaya na kupotea katika ulevi. Hakuwaambia wasisafiri. Mwaka 1849 alianzisha chama chao pale Köln, na vyama hivyo vikajenga nyumba ambamo kijana msafiri aliweza kulala kwa heshima. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1991.

Nilimweleza baba hayo yote katika simu. Akajibu, "Wewe hukujifunza useremala." Lakini hakunikataza.

Basi tulikuwa watu wanne: Mghana mmoja, Mhindi mmoja wa Kerala, Mjerumani mmoja mwana wa mkulima, na mimi. Kila mtu na shanta yake. Kwa nini basi, wala si garimoshi? Kwa sababu ya nauli. Hadi mwisho wa mwaka 2012 sheria ya Ujerumani ililinda garimoshi, na mabasi ya masafa marefu ndani ya nchi yalikuwa machache sana. Tangu Januari 2013 njia zilifunguliwa, na nauli zikashuka. Kutoka Köln mpaka Paris nililipa euro 28. Hakuna konda wa kupiga kelele wala mzigo juu ya paa. Mizigo huwekwa katika buti, abiria hufunga mikanda, na dereva hana ruhusa kuendesha zaidi ya saa nne na nusu pasipo kupumzika dakika 45. Abiria wa kwetu wangefurahi kuisikia sheria hiyo.

Usiku, tulipokuwa tukiingia Ufaransa kutoka Ubelgiji, askari walisimamisha basi. Zamani mpaka huo ulipitwa bila swali, lakini tangu mauaji ya Paris ya Novemba 2015 Ufaransa ilirudisha ukaguzi. Wakadai hati. Mjerumani alionyesha kitambulisho chake, wakapita. Mghana akapapasa mifuko yake, kumbe paspoti yake imo katika shanta, na shanta imo katika buti chini ya mizigo ya watu hamsini! Ikabidi kuitoa mizigo yote kando ya barabara, katika mvua. Mama mmoja mzee alinung'unika waziwazi juu ya "watu hawa". Paspoti ilipopatikana, askari aliitazama kwa taa, akaitazama na kadi ya ukaazi iliyobakiwa na siku kumi na mbili, akairudisha bila neno. Mjerumani wetu alishuka akasaidia kurudisha mizigo, akaanza na sanduku la yule mama. Tangu usiku ule paspoti yangu ililala kifuani mwangu.

Juu ya Paris sitasema mengi. Tuliingia Notre-Dame, iliyoungua tarehe 15 Aprili 2019 na kufunguliwa tena Desemba 2024; mawe yake sasa ni meupe kama yamechongwa jana. Tulilala katika hosteli ya vijana, watu wanane chumba kimoja, vitanda vya juu na chini. Hata nyumba za namna hii zilianzia Ujerumani, kwa mwalimu Richard Schirrmann, ambaye mwaka 1909 alinyeshewa na mvua kubwa safarini pamoja na wanafunzi wake, wakalala katika shule juu ya majani makavu.

Jambo lililonigusa Paris halikuwa jengo. Tulikuwa tukila mkate na jibini kando ya mto, na Mghana akasema, "Mimi nimefunga leo." Tukamsifu. Kesho yake akasema vilevile. Yule wa Kerala, ambaye kwao watu wanajua kufunga kweli, akamtazama akasema, "Ndugu yangu, huu ni mwezi wa Agosti, na leo ni Jumanne." Ndipo akakiri. Fedha yake yote aliituma kwao, kwa mama yake mgonjwa. Alikuwa amelipa nauli tu, kwa kuwa aliona aibu kututupa mkono mwishoni.

Mimi nilikuwa nimetuma nusu, nikajiona mkarimu. Nilinyamaza. Mjerumani akavua kofia yake, akaweka humo fedha zake zote, nasi tukafanya vivyo hivyo. Toka hapo tulikula kutoka katika kofia, na Mghana ndiye tuliyemfanya mtunza hazina.

Usiku huo basi lilitupeleka kusini, zaidi ya kilomita 800, mpaka Lourdes. Msomaji anajua habari za Bernadeta na pango la Massabielle, mwaka 1858. Asichojua labda ni chumba alichokaa. Tulikiona. Ni gereza la zamani lililoachwa kwa kuwa halikufaa hata wafungwa, na humo waliishi baba, mama na watoto wanne. Mghana alisimama pale muda mrefu. Jioni tulikwenda katika maandamano ya mishumaa, rozari ikisaliwa kwa lugha nyingi, wagonjwa wakisukumwa mbele katika viti vyao. Alimwombea mama yake kwa sauti, kwa lugha ya kwao.

Tuliagana Bayonne, safari ya kilomita 150 tu kutoka Lourdes. Ndiko alikozaliwa Kardinali Lavigerie mwaka 1825, mwanzilishi wa Mapadre Weupe waliofika kwetu Kashozi mwaka 1892. Sanamu yake ipo katikati ya mji. Mghana alikuwa akienda Hispania kwa kaka yake, na basi lake liliondoka saa tano usiku. Alitoa kofia akahesabu: euro 41. Alitaka kuigawa kwa wanne. Mjerumani akaichukua kofia tupu, fedha akaziacha mikononi mwake, na dereva akafunga mlango.

Nilipofika nyumbani nilimpa mama chupa ya maji ya Lourdes. Baba alingoja mpaka wageni walipoondoka, akaniambia, "Haya, nihesabie." Nikamhesabia yote, nauli, vitanda, mkate, hata kofia. Alisikiliza akitazama migomba. Nilipomaliza hakutaja mtamba.

"Mama yake yule kijana," aliuliza, "ameponaje?"

Nikamwambia bado yu hospitalini. Akamwita mama, akamwambia alete ile chupa, na mimi nimpigie simu Mghana, wapate kumwamkia.