Fahamu: Marcus Samuelsson, yatima wa Ethiopia aliyeipikia Ikulu ya Marekani

Marcus Samuelsson ni nani? Ni mpishi mashuhuri na mmiliki wa migahawa, aliyezaliwa Ethiopia mwaka 1971 kwa jina la Kassahun Tsegie.

Akiwa mdogo, kifua kikuu kilimchukua mama yake. Yeye na dada yake waliasiliwa na familia ya Göteborg, Sweden. Huko bibi yake mlezi, Helga, ndiye aliyemshikisha mwiko.

Umaarufu ulianzia New York, katika mgahawa wa Aquavit unaopika vyakula vya Kiswidi. Mwaka 1995, akiwa kijana wa miaka ishirini na ushei, gazeti la New York Times liliupa nyota tatu chini ya uongozi wake.

Novemba 2009 aliandaa dhifa ya kwanza ya kitaifa ya Rais Barack Obama, iliyomkirimu Waziri Mkuu wa India, Manmohan Singh. Mwaka uliofuata alishinda shindano la televisheni la Top Chef Masters, kisha akafungua Red Rooster mtaani Harlem.

Menyu ya Red Rooster inaeleza safari yake: kuku wa kukaanga wa Wamarekani Weusi, viungo vya berbere vya Ethiopia na mipira ya nyama ya Sweden.